Shingo ya Mwalimu Tamaki

Ukimwona baba wa mji wetu anatoka shule ya msingi mwezi wa Julai huku anacheka peke yake na kujifuta jasho, usidhani jua limempiga. Ametoka kuongea na Mwalimu Tamaki. Siku hizi wazazi hufika mapema na kukaa kwenye vile viti viwili vya ukumbini wakisubiri zamu, na hakuna anayesingizia maumivu ya mgongo ili asije. Zamani waliingia mle kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Mwenyewe Tamaki Chisato, mwanamke mfupi mwenye shingo ndefu, husema kwamba yote anayoyajua juu ya kuzungumza na wazazi alifundishwa na sahani moja ya plamu na hasira za mzazi mmoja.

Kabla ya kuwa mwalimu alifanya kazi Osaka, katika ofisi ya bima, akipokea simu za malalamiko. Pale alifundishwa jambo moja tu: mteja akisema, itikia. Ndiyo. Naam. Nakuelewa. Pole sana. Alikuwa akiitikia kwa kichwa hata kwenye simu, ambako hakuna anayemwona, na akimaliza anainamia mkono wa simu kama mtu aliye mbele ya madhabahu. Aliporudi nyumbani na cheti cha ualimu, tabia ilirudi naye. Mweleze habari za mvua, kichwa kinakwenda juu chini, juu chini, kama kuku anayedonoa mtama. Watu walimpenda kwa hilo. Walisema mtoto wa akina Tamaki ana adabu, mtu akizungumza naye anajiona amesikilizwa.

Lakini adabu ya kwetu haitaki kichwa peke yake. Jirani akikuletea keki atakwambia ni kitu kisicho na maana, samahani kwa kukuchafulia meza. Wewe kazi yako ni kukataa kwa nguvu zote: hapana, hapana, keki gani nzuri hivi! Mmoja anashusha, mwingine anapandisha, na mambo yanakaa sawa. Kwa watoto ni vivyo hivyo. Mzazi anayemsifu mwanawe mbele za watu anaonekana hana haya, kwa hiyo atamponda mpaka amlaze chini, akingoja wewe umwinue. Sisi watu wazima tunaujua mchezo huu tangu utotoni. Ubaya wake ni kwamba hakuna anayekumbuka kumwambia mtoto aliyekaa katikati.

Mwaka wake wa kwanza shuleni, darasa lake la sita lilikuwa na msichana aitwaye Kozue, binti wa Nogami Tetsuji, mkulima wa plamu wa mtaa wa juu. Kozue alikuwa na sauti ya kuamsha mji. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara wa mtaa wake: kila asubuhi alitangulia mbele na kibendera cha njano, wadogo nyuma yake kwa mstari, mpaka lango la shule. Sauti yake ilikuwa ikitufikia jikoni kabla ya miguu yao kufika barabarani. "Wa nyuma, mpo? Nanoka, upo?" Na Nanoka wa darasa la kwanza, aliyekuwa akimwogopa mbwa wa duka la gesi kuliko kitu chochote duniani, anajibu kwa kasauti kake, "Nipo!" Mstari unasonga.

Ikafika wiki ya vikao vya watu watatu: mzazi, mtoto na mwalimu, dakika kumi kila familia. Mama yake Kozue alikuwa na zamu hospitalini, basi akaja baba. Nogami alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuvuna. Alikuja na udongo wa shamba kwenye kucha, amevaa zile ndara za kijani ambazo shule huwapa wageni wakivua viatu mlangoni, nazo zilimwishia katikati ya unyayo, akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kifuani. Mwalimu Tamaki alikuwa upande wa pili wa meza, mgongo umenyooka, bado ana joto la kazi mpya.

"Mwalimu, samahani kwa mzigo niliokupa," Nogami akaanza, kichwa chini. "Huyu mtoto hana kitu."

"Ndiyo," akasema Mwalimu Tamaki, kichwa kikaenda juu chini.

Nogami akanyamaza kidogo. Alikuwa ameacha nafasi pale, kama desturi. Haikujazwa. Akaona labda hajashusha vya kutosha.

"Kelele tupu. Nyumbani hatulali."

"Naam. Eeh."

"Kichwani ni maji. Hesabu za sehemu zinamtoa machozi."

"Ndiyo, ndiyo. Nakuelewa."

"Na ubishi! Sijui tutamfanya nini. Hafai hata kufagia."

"Eeh. Pole sana, Baba Kozue."

Kozue alikuwa akimtazama huyu, kisha yule, kama mtu anayeangalia mpira wa meza. Mwanzoni alikuwa na tabasamu. Dakika kumi zilipokwisha, nalo lilikuwa limeisha. Mwalimu Tamaki aliwasindikiza hadi mlangoni, akainama mara tatu, akarudi mezani ameridhika kabisa. Kikao hakikuwa na ugomvi wala malalamiko. Osaka wangempa zawadi ya mfanyakazi bora.

Likizo ikaja, likizo ikaisha. Septemba, msafara wa mtaa wa juu ulishuka kimya. Mbele alikuwa mvulana wa darasa la tano, kibendera amekibana kwapani, na Nanoka analia mbele ya duka la gesi. Kozue alikuja darasani siku chache, akakaa bila kunyoosha mkono, bila kubishana na mtu. Mwalimu Tamaki alimuuliza kulikoni, akajibu, "Tumbo." Kisha hakuja tena. Kila asubuhi bibi yake alipiga simu ofisini: tumbo linamuuma, samahani kwa usumbufu.

Tumbo hili Mwalimu Tamaki alilijua. Kwetu mtoto anaweza kuumwa tumbo la namna hiyo akabaki chumbani mpaka watoto wenzake wanamaliza shule, na mji mzima unajifunza kupita mbele ya nyumba ile bila kutazama dirishani. Usingizi ukampaa. Akampigia baba simu.

"Baba Kozue, naomba tuonane tena. Tuzungumze juu ya Kozue."

"Tuzungumze nini?" Sauti ya Nogami ilikuwa kavu. "Mwalimu, si tulikubaliana? Hana kitu. Mimi nilisema, na wewe uliitikia. Kila neno uliitikia."

"Lakini Baba Kozue, mimi nilikuwa..."

"Nilipotoka pale sikuongea na mtu siku nzima. Nikasema, kumbe hata mwalimu wake anamwona hivyo. Basi mwache akae na watu wake." Akakata.

Mwalimu Tamaki alibaki na simu mkononi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuiinamia. Alikaa kwenye kile kiti kidogo, akalia. Aliona aibu. Alikuwa amemponda mtoto wa watu kwa adabu, tena kwa adabu ya hali ya juu. Baba alikuwa ameumia, binti alikuwa ameumia, na kila mmoja alidhani ndiye peke yake aliyeumizwa na zile ndiyo.

Mwingine angeandika barua ya radhi kwa maneno mazuri na kuiweka kwenye sanduku lao. Yeye alipiga moyo konde, akaenda.

Alikuta plamu za mwisho za mwaka zimeanikwa uani, trei kwa trei, nyekundu zimejikunja kwa chumvi na jua, na harufu yake inakutoa mate tangu barabarani. Nogami na mama yake, Bibi Sayo, walikuwa wakizigeuza moja moja kwa vidole. Dirisha la Kozue lilikuwa juu yao, pazia limefungwa. Mgeni ni mgeni, hata kama umemnunia. Nogami akamkaribisha kwenye ubao wa barazani, akaleta chai, na sahani ndogo yenye plamu.

"Chukua, Mwalimu. Ni takataka tu. Mwaka huu hazifai, hata kuliwa haziliki."

Mwalimu Tamaki alizitazama zile plamu. Kisha kichwa chake kikaenda juu, kikaenda chini, taratibu.

"Ndiyo," akasema. "Naona. Ni takataka."

Bibi Sayo akaacha kugeuza.

"Umesemaje?" Nogami akauliza.

"Nimesema ndiyo, Baba Kozue. Hazifai. Hata rangi yake. Pole sana."

"Hazifai?" Nogami aliruka kutoka pale barazani kama aliyekalia kaa la moto. "Plamu za Nogami hazifai? Mwalimu, umeonja? Hata hujaonja! Miti ile kaipanda babu yangu kwa mkono wake, mlima wote ule wakati hakuna njia! Mimi nimeziokota kwenye nyavu chini ya miti kabla hazijapata jeraha, moja moja! Chumvi yangu sipimi kwa mashine! Watu wanaagiza kutoka Tokyo! Wanaandika kabisa, tunataka za Nogami, si za mtu mwingine! Gusa ngozi hiyo! Gusa! Laini kama sikio la mtoto, halafu unaniambia hazifai?"

"Lakini ni wewe uliyesema."

"Ni adabu! Ile ni adabu tu! Kila mtu anajua! Mimi nikisema hazifai, wewe unatakiwa ukatae!"

Alipolisema lile neno la mwisho, mdomo ukabaki wazi. Bibi Sayo akajifuta vidole kwenye aproni.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu," akasema bibi, "kwa binadamu mchungu. Umejinasa mwenyewe, Tetsuji."

Mwalimu Tamaki akateremka barazani, akapiga magoti pale chini penye chumvi, akainama mpaka paji la uso likakaribia udongo. Hakuwa anaigiza.

"Julai nilitakiwa nikatae," akasema. "Wewe uliacha nafasi, mimi nikaijaza kwa ndiyo. Nisamehe, Baba Kozue. Leo nimekuja kukataa. Ulisema ana kelele. Nakataa. Sauti ile ndiyo kamba ya msafara. Mtoto wa mwisho anaishika kwa masikio, na tangu inyamaze Nanoka analia kila asubuhi. Ulisema mbishi. Nakataa. Darasani ndiye pekee anayeniambia Mwalimu, sijaelewa, na wenzake kumi wanapumua, kwa sababu nao hawajaelewa. Ulisema hafai hata kufagia. Hilo nakataa kabisa. Hesabu za sehemu, hapo sisemi uongo, zinamsumbua. Lakini hizo ni kazi yangu, na nina mpango nazo."

Pazia la juu likavutwa kwa fujo. Uso wa Kozue ukatokea, umevimba macho.

"Mnasema hivyo kwa sababu nipo nasikia!" akapiga kelele, na kusema kweli ilikuwa raha kuisikia ile sauti. "Julai mlisema vile. Leo mnasema hivi. Uongo ni upi?"

"Wa Julai," akasema Mwalimu Tamaki bila kusita.

"Wewe nimekusikia. Na Baba?"

Nogami akazitazama plamu zake kama zingeweza kumsaidia. Mtu aliyekuwa amehutubia uwanja mzima juu ya ngozi ya plamu hakuwa na hata sentensi moja.

"Kizuri chajiuza," akanong'ona mwishowe.

"Kizuri chajiuza kama ni plamu," akasema Bibi Sayo. "Yule ni mtoto, mpumbavu wewe."

"Baba anajua kusifu plamu tu!" Kozue akasema kutoka juu, na sasa kelele zilikuwa zimegeuka kilio. "Mlisemea shuleni, mbele yangu. Basi mkaseme kulekule. Mkisema, nitarudi. Msiposema, sirudi." Dirisha likafungwa.

Siku zilizofuata, waliopita njia ya shamba walimsikia Nogami akizungumza peke yake kati ya trei. Bibi Sayo akawa mwalimu wake wa zamu. "Sema." "Binti yangu ni... si mbaya sana." "Hiyo ni sifa ya mlango mkuukuu. Sema tena." Mkewe alirudi kutoka zamu, akamkuta anaimbia plamu kwamba binti yake ana afya njema, akacheka mpaka akakaa chini. Unacheka, lakini mtu yule alikuwa anateseka. Alilelewa na baba ambaye hakumwambia neno jema hata siku moja, na alimpenda baba huyo. Sasa aliambiwa afungue mlango ambao nyumbani kwao haujawahi kuwa na kitasa.

Na Mwalimu Tamaki naye alikuwa na mtihani wake. Aliondoa ile meza ya katikati, akapanga viti vitatu upande mmoja wa dirisha, ili pasiwe na wa kuhukumu na wa kuhukumiwa. Akatafuta kazi za Kozue alizozitunza: mchoro wa ramani ya njia ya shule, yenye alama ya kila mbwa na kila mfereji. Kisha akasimama mbele ya kioo cha choo cha walimu, akafanya mazoezi ya kutotikisa kichwa. Mwalimu mkuu alimkuta pale, akauliza kama ameumia shingo.

Ikafika siku yenyewe. Nogami alikuja na shati jeupe lenye mikunjo ya dukani, ndara zilezile za kijani. Kozue alikaa katikati, mikono mapajani, hamtazami mtu. Feni ilikuwa ikizunguka. Jasho la baba lilianza kabla ya maneno.

"Mwalimu," akaanza, kichwa chini, na mazoea ni kama sheria, "samahani kwa mzigo. Huyu mtoto hana..."

Shingo ya Mwalimu Tamaki haikutikisika. Ilikaa kama imepigiliwa msumari. Alimtazama tu, kwa upole, akangoja. Kimya kile kilimuumiza kuliko kuongea. Kule Osaka, kwa kimya kirefu namna ile ungefukuzwa kazi. Lakini alingoja, na kiti kidogo cha Nogami kikalia kriii.

"Siku ya mvua ile kubwa," Nogami akasema, akiiambia sakafu. "Juni. Nilikuwa shamba la juu, naokoa nyavu. Nikawasikia mnakuja. Mfereji wa chini ulikuwa umejaa, maji yako barabarani. Wewe, Kozue, ukasimama. Ukanyoosha bendera, wote wakasimama. Ukahesabu vichwa. Kisha ukarudi nyuma mpaka mwisho, ukamshika yule mdogo mkono, ukamvusha. Ukarudi, ukamchukua mwingine. Wote saba. Ulilowa mpaka viatu, na ulikuwa unaimba ili wasiogope."

Akajifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Niliacha nyavu. Plamu zikaenda na maji, nikaziacha. Nilisimama kwenye mvua nikajisemea, yule wa mbele ni wangu. Ni wangu mimi. Nilitaka kukwambia jioni. Nikakwambia funga mlango, unaingiza mbu." Akainua uso, akamtazama binti yake. "Wewe ni mtoto mzuri, Kozue. Ni mzuri kuliko plamu."

Hapo ndipo kichwa cha Mwalimu Tamaki kilipoachiwa. Kilikwenda juu chini, juu chini, na machozi yakidondoka kwenye ramani ya mbwa na mifereji.

Kozue alimtazama mwalimu, akamtazama baba. Uso ulikuwa umeiva.

"Wanane," akasema.

"Nini?"

"Tulikuwa wanane, Baba. Umehesabu vibaya."

"Sasa tumejua hesabu kazitoa wapi," akasema Mwalimu Tamaki, na wote watatu wakaangua kicheko ambacho mzazi mmoja aliyepita kule ukumbini alikisikia, akadhani amekosea shule.

Tangu hapo vikao vya Mwalimu Tamaki vina sharti moja. Unyenyekevu unauacha kwenye rafu ya viatu, pale chini mlangoni; ukitoka utauchukua, hauibiwi. Ukiingia, yeye anatangulia kusema jambo moja alilomwona mtoto wako akilifanya kwa macho yake, kisha wewe unasema moja, kisha mtoto. Baada ya hapo ndipo matatizo yanaitwa, na yanaitwa kwa majina yake, hayapakwi sukari. Kozue mwenyewe alibaki naye mchana na hesabu za sehemu mpaka zikaacha kumtoa machozi. Na mpiga debe mkubwa wa vikao hivi ni Nogami. Akina baba wapya huwashika bega ukumbini: "Ndugu yangu, usithubutu kumponda mwanao mle ndani. Yule mwanamke ataitikia!"

Lakini ushindi wenyewe tuliuona Jumatatu ya kwanza baada ya kikao kile cha Nogami, sisi tuliokuwa jikoni. Ile sauti ilishuka kutoka mtaa wa juu kabla hatujamaliza supu: "Wa nyuma, mpo? Nanoka, upo?" "Nipo!" Kibendera cha njano kikatokea kwenye kona ya duka la gesi, mbwa akabweka, mstari haukusimama. Juu shambani Nogami alikuwa na jirani yake wakirekebisha ua. Akavua kofia, akaweka mikono mdomoni, akapiga kelele bonde zima likasikia:

"Yule wa mbele ni wangu!"

Jirani akamtazama, akangoja. Alikuwa anangoja lile "lakini" ambalo kwetu hufuata kila sifa. Nogami akavaa kofia yake, akarudi kwenye ua.